Jina Likishasomwa Saa Saba

Scovia, na ninyi mtakaomfuata kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi: meneja ameniomba niandike kurasa mbili kuhusu kazi ya kusoma matangazo ya vifo, ziwekwe kwenye faili ya wanaoanza kazi. Zimezidi mbili, anisamehe. Vyeo sitaviandika, maana nilianza msomaji nikamaliza msomaji. Nitaandika yale ambayo faili haiyajui, na pia sababu iliyowafanya watu wa mtaa wetu wa Awindiri wiki iliyopita wabebe kuni na kuja nyumbani kwangu mchana kweupe.

Mimi ni Zuhura Kiden, mzaliwa wa Koboko. Baba yangu alikuwa askari, na Kiswahili nilikipata kambini kabla sijaota meno ya mbele. Ni kile Kiswahili chetu ambacho kila kitu ni iko: mtu iko, mbuzi iko, Mungu iko. Shuleni wakanipa kingine kilichonyooshwa, chenye yuko na lipo na zimo. Ndoa ikanileta Arua. Redio ilipotafuta mtu wa kusoma vifo kwa Kiswahili safi, ili Mlugbara na Mkakwa na mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka wote wasikie, tulijitokeza wachache sana. Wengine walikuwa wameuliza kwanza ni kazi gani, nami sikuwa nimeuliza.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Taban, mtu wa Koboko kama mimi, aliyewahi kushughulikia mitambo ya mawasiliano jeshini. Alinifungulia chumba cha kusomea. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na mazulia ya zamani, na nilipomsalimia nilishtuka, kwa sababu salamu yangu iliishia mdomoni. Katika chumba kile sauti hairudi kabisa. Unasikia damu yako ikitembea masikioni.

"Wewe nasikia?" akaniuliza. "Hapa neno hapana kurudi. Jina ya mutu ikisomwa, nakwenda. Sasa wewe angalia vizuri mbele ya kusoma, hapana nyuma."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Dirishani unamwuliza mtu mambo matatu: jina la marehemu, anatoka wapi, nani anatangaza. Karatasi unaisoma kimya mara tatu. Halafu, kabla ya kila jina, unavuta pumzi moja ndefu. Nilidhani pumzi ile ni kwa ajili yangu. Mzee Taban akacheka. "Si yako. Mama moja iko pale mbali, nakoroga ugali. Wewe pumua, ili yeye napata nafasi ya kukaa chini."

Mezani palikuwa na ubao wenye msumari mrefu uliosimama wima. Karatasi ikishasomwa inachomwa pale, ili isisomwe tena kwa bahati mbaya. Ikifika Ijumaa, msumari umejaa hadi shingoni, na karatasi za juu zinatikisika kidogo hata mlango ukiwa umefungwa. Mzee Taban alisema ni feni. Feni ilikuwa imeharibika tangu kabla sijaajiriwa.

Sasa niseme kazi hii inavyomfanya mtu. Matangazo yalisomwa saa saba mchana, yakarekodiwa, yakarudiwa jioni watu wakiwa nyumbani. Nami jioni hiyo hiyo nilikuwa natembea kurudi Awindiri. Redio ya nyumba ya kwanza inasema jina kwa sauti yangu. Nikifika nyumba ya pili, sauti yangu inamalizia kijiji chake. Nyumba ya tatu inavuta pumzi. Nilitembea barabara nzima hivyo, mdomo nimefunga, huku nikisikia ninasema. Watoto waliokuwa wakicheza nje walininyamazia hadi nipite.

Sokoni ikawa vilevile. Kulikuwa na mama mmoja muuza unga wa muhogo, Letisia Candiru, mwenye kucheka na kila mtu. Siku ya kwanza nilipomwuliza bei, kibaba cha unga kilimponyoka. "Nani nakufa?" akauliza. Nikamwambia hakuna, nataka unga tu. Nikajitambulisha kwa uzuri, nikamwuliza naye jina lake. Akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mama, samahani sana," akasema. "Hapana taja jina yangu. Wewe chukua unga, lakini jina yangu acha."

Jina lake nilikuja kulijua kwa wengine, na miaka yote sikulitamka mbele yake. Nilizoea kununua vitu kwa kidole. Wakwe zangu walinisalimia haraka haraka na kuondoka kabla sijawaitikia kwa majina. Mume wangu alikwenda Juba kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke ambaye sauti yake haijulikani. Simlaumu sana. Lakini niseme wazi, kwa kuwa ninyi mtafika pale: niliona upweke ambao sikuwa na pa kuupeleka. Mji mzima ulinijua, na hakuna aliyetaka nimwite.

Nilikuwa na ibada zangu. Nikimaliza kusoma, naingia stoo ya kanda za zamani, natandika mkeka kati ya maboksi, naswali adhuhuri. Kwa miaka mingi niliswali kama mtu anayenawa mikono baada ya kazi. Nilitaka yale majina yanitoke, basi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba furaha ingeweza kuingia katika stoo ile, na kwa kweli ilipokuja haikuanzia hapo. Ilianzia kwenye kosa langu kubwa kuliko yote.

Wakati huo Mzee Taban alikuwa amepumzika. Mnaona? Hata mimi nimeliandika bila kufikiri. Alikuwa amerudi Koboko kulima, yu mzima, ana mbuzi. Kwetu mtu akiacha kazi kwa heshima tunasema amepumzika. Na akifa kwa heshima tunasema hivyohivyo.

Alhamisi moja dirisha lilikuwa limejaa watu. Katikati ya karatasi za vifo ikaingia moja kutoka kanisa dogo upande wa Inde, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani: "Mzee Drani Yeremia, mpiga kengele wetu, amepumzika. Wakristo wote mfike Jumapili kwa sala ya kumuaga." Aliyeileta ni mwendesha bodaboda, akaitupa akaondoka. Sikumwuliza mambo matatu. Niliisoma kimya mara moja tu. Tena jina lenyewe lilinisaidia kukosea: Drani kwa Kilugbara limebeba neno la kifo ndani yake, jina la mtoto aliyezaliwa nyumba ikiwa na msiba.

Saa saba nikavuta pumzi, nikaisoma kati ya marehemu wawili. Sikubadilisha hata herufi. Ila mwishoni, kwa mazoea, nikaongeza ambayo hayakuandikwa: "Mungu amlaze mahali pema." Nikaichoma msumarini. Jioni nikatembea kwenda nyumbani, na kila nyumba ikamzika tena Drani kwa sauti yangu.

Jumatatu yake, saa tano na kitu, nilikuwa dirishani nimeinamia daftari. Mtu akasimama. Nikaona mikono tu: mikono mikubwa, yenye sugu nene kwenye kiganja cha kulia.

"Jina la marehemu?" nikauliza.

"Drani Yeremia."

Nikaandika. "Wa wapi?"

"Inde."

"Nani anatangaza?"

"Drani Yeremia."

Mkono wangu ulikuwa umeshaandika hadi Yere. Sikuinua kichwa. Ninyi mtasema ningeinua, lakini hamkuwepo. Nilitazama mikono ile ili nione kama inatupa kivuli ubaoni. Ilitupa. Ndipo nikamtazama usoni, mzee mrefu mwenye koti la mvua siku ya jua, na macho yaliyochoka.

"Mama," akasema, "mimi hapana kuja na ugomvi. Mimi nataka maji."

Nilimleta ndani akakaa kwenye benchi, akanywa, akanieleza. Alikuwa mtu aliyerudi kutoka upande wa Kongo baada ya vita, hana ukoo Inde, hana mke, hana shamba la baba. Kanisa lilimpa kibanda, naye akapewa kazi ya kupiga kengele, yaani ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti, unaigonga kwa chuma. Aliipiga kila asubuhi na kila Jumapili hadi bega likakataa. Kanisa likaamua apumzike, na Jumapili wamuage. Yeye kwa furaha akaenda Koboko kwa rafiki yake kutafuta ringi mpya, awaachie zawadi. Huko hakusikiliza redio.

Jumamosi mchana akashuka barabarani na ringi yake, akaanza kwenda kwa miguu. Alipokaribia kibanda chake akasikia kilio. Akasimama nyuma ya muhogo. Ua ulikuwa umejaa watu kuliko Krismasi. Walikuwa wakisubiri mwili utoke Koboko. Na karani, yule yule aliyeiandika karatasi ya kumuaga, alikuwa kati yao akifuta machozi. Alikuja kueleza baadaye kwamba alipoisikia sauti yangu alijiambia: kumbe mzee amekufa leo, baada ya mimi kuandika. Aliamini sauti kuliko mwandiko wake mwenyewe.

"Halafu naona shimo," Drani akaniambia. Hapo sauti yake ikabadilika. "Mama, mimi siku zote nafikiri, nikikufa, mimi nazikwa kule nyuma ya kanisa, mahali ya wageni. Lakini hawa watu nachimba shimo ya mimi katikati ya baba yao. Hapa babu yao, hapa mimi. Mimi naangalia ile shimo, na furaha nakamata mimi. Ni vibaya?"

Nikamwambia sijui kama ni vibaya.

Hakuthubutu kuingia uani. Akazunguka hadi kanisani, akafanya jambo pekee aliloweza kufanya ili wajue: akagonga kengele. Mkono wake ulikuwa na mtindo wake, mapigo mawili na moja, mawili na moja. Kilio kikakatika. Halafu watu wakakimbia, wengine ndani ya muhogo, wengine hadi barabarani, na karani akapoteza kiatu. Aliyekuja kuelekea kengele ni mmoja tu, Mama Ayikoru, bibi kipofu wa ukoo uliochimba lile shimo, akipapasa njia kwa fimbo. "Hiyo ni mkono ya Drani," alikuwa akisema. "Mbona nakimbia? Drani naita sisi kila siku." Akafika, akamshika vidole kimoja kimoja.

Wazee wakarudi polepole. Walikubali kwamba anapumua. Lakini shimo lililochimbwa kwa ajili ya mtu, walisema, haliachwi wazi likingoja. Wakakata mgomba, wakauvika shati lake, wakauzika kwa sala kati ya babu zao. Naye alisimama pembeni akiimba pamoja nao.

"Sasa shida iko wapi?" nikamwuliza, nikijua kwamba shida iko.

"Mwili yangu wanakubali," akasema. "Jina bado. Wananipa chakula, lakini hapana ita mimi. Mtoto nataka kusema Drani, mama yake nafunga mdomo yake. Wanasema ile jina nakwenda na redio, na ile mdomo nabeba, ile mdomo narudisha. Kama jina haiko, mimi nakaa kwa watu namna gani?"

Mkumbuke, huyu mtu alikuwa amegundua siku mbili tu zilizopita kwamba ana kwao. Nami nilikuwa nimempa kwao na kumnyang'anya kwa pumzi ile ile.

Nikaenda kwa meneja wa wakati ule. Akakataa katakata. Alisema kipindi cha vifo hakisomi masahihisho. "Tukianza kufufua watu, Zuhura, nani atatuamini tukisema mtu amekufa?" Akanipa nafasi kwenye michezo, baada ya matokeo ya mpira. Akaongeza kwamba nikilisoma saa saba, nisirudi kesho.

Nilikuwa na nyumba ya kupanga na watoto wawili shuleni. Nikaingia stoo mapema, nikatandika mkeka. Drani alikuwa amenifuata hadi mlangoni, akaomba kama anaweza kukaa. Akakaa juu ya boksi la kanda, akafumba macho, akaanza kunong'ona kwa Kilugbara. Mimi nilikuwa na sheria za Mzee Taban kichwani, na hofu ya kulirudisha jina mahali ambapo neno halirudi. Nikamwuliza, kwa kweli nilimwuliza kama mtoto: "Nikiliita lisipokuja?"

Akafumbua jicho moja. "Mama, mimi napiga kengele miaka mingi. Nani nakuja, nani hapana kuja, hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kuita. Mimi naita, na mimi nafurahi. Mungu nachunga ile ingine."

Saa saba nikasoma marehemu wote wa siku ile. Halafu nikashika kile nilichoandika dirishani, jina lake mara mbili, la pili likiishia Yere. Nikavuta pumzi. "Mzee Drani Yeremia, mpiga kengele wa Inde," nikasema, na Kiswahili changu chote cha shule kikanitoka. Yuko, angali, yu hai, vyote vilikuwa vya kitabuni. Mdomo wangu ukarudi kambini Koboko. "Drani iko," nikasema. "Watu ya Inde, nasikia? Drani iko."

Chumba kikameza. Nje ya kioo meneja alikuwa ameshika kichwa. Nilikaa pale hadi muziki ulipoanza, nikahisi mwili mwepesi namna ambayo sijawahi, nikalia.

Sikufukuzwa. Meneja aliniita, akasema kiti kile mguu wake utatengenezwa. Haukutengenezwa. Drani aliomba karatasi yake ya kwanza, tukaichomoa msumarini, akaiweka ndani ya Biblia ikiwa na tundu katikati ya neno amepumzika. Aliniambia kwamba aliposhuka bodaboda Inde, senta nzima, pale penye maduka, ilimpokea kwa neno lile. "Drani, iko?" "Iko!" Hadi leo hawamsalimii kwa lingine.

Mnaosoma hili mnadhani mambo ya kutisha yaliishia hapo. Msimu uliofuata, juu ya kaburi lake pakaota mgomba. Wazee walikuwa wamesahau kuondoa mzizi. Ukazaa. Nilikuwa nimeanza kwenda Inde Jumapili alasiri, kukaa na Mama Ayikoru nje ya kanisa tukichambua maharage, kwa sababu yeye hakuiogopa sauti yangu. Kipofu huishi kwa sauti, alisema, na yangu inamfaa. Basi siku moja Drani akaja na chana ya ndizi mbivu. "Karibu. Ndizi ya kaburi yangu. Iko tamu mingi."

Niliishika ile ndizi nikiwa nimekufa ganzi. Mama Ayikoru alikuwa anakula ya pili. Drani alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, maganda mapajani, anatazama njia ambayo watu wake wanapita, kila apitaye anamwita kwa jina. Sijaona mtu aliyeridhika namna ile. Nikasema bismillahi, nikala. Ilikuwa tamu.

Hapo ndipo kazi yangu ilibadilika, ingawa hakuna aliyeandika kwenye faili. Nilikuwa nikiyasoma majina kama mtu anayefunga milango. Nikaanza kuyasoma kama anayeita watu waje kula. Stooni nikaacha kunawa majina. Nilikaa mkekani baada ya swala nikayataja moja moja, ya Yohana na ya Abdala bila kubagua, nikasema: Mola wangu, huyu iko kwako. Ilichukua muda mfupi, na nilitoka pale na furaha ndogo, ya kawaida, kama ya mtu aliyemaliza kufua nguo zikaanikwa. Niliingoja kila siku. Hata karatasi zilipotikisika msumarini bila upepo, nilizisalimia.

Mama Ayikoru alikufa kwake, usingizini. Karatasi yake aliileta Drani mwenyewe, akajibu mambo yote matatu. Ayiko kwa Kilugbara ni furaha, nami nilivuta pumzi ndefu kuliko zote ili nilitaje jina lake bila kutetemeka. Alizikwa jirani na ule mgomba.

Sasa wiki iliyopita. Scovia, hukukosea, na ninataka lijulikane. Ofisi iliandika: "Mama Zuhura Kiden amepumzika baada ya kutumikia redio hii kwa uaminifu. Tunamshukuru." Wewe uliisoma mwisho, baada ya marehemu wa mwisho, na hukuongeza neno. Ulivuta pumzi tu, kama nilivyokufundisha.

Nilikuwa peke yangu jikoni Awindiri, nakoroga ugali. Niliposikia pumzi ile nikakaa chini kabla hujataja jina. Miaka yote nimempa mama wa mbali nafasi ya kukaa, kumbe ilikuwa inaningoja mimi. Nikajigusa shingo. Nje, redio za majirani zilikuwa zimesema jambo lile lile kwa pamoja, halafu zikazimwa, moja baada ya nyingine, hadi mtaa ukawa kama chumba cha kusomea.

Simu yangu haikuwa na chaji. Nikafunga mlango na pazia. Mtanicheka, lakini niliogopa kutoka. Nikitoka watakimbia, na nilikuwa nimetosheka na kukimbiwa. Kulikuwa na hofu nyingine mbaya zaidi, kwamba hatakuja mtu wa kukimbia.

Mzigo wa kwanza wa kuni za matanga ulianguka uani kabla ya saa nane. Halafu wa pili. Nikasikia madumu ya maji, viti vikiburutwa, turubai likifunguliwa, na mtu akisema mwili bado uko hospitali. Wanaume wakauliza wapi pachimbwe, na sisi Waislamu hatucheleweshi maiti, kwa hiyo nilijua nina muda mfupi. Nilisimama nyuma ya pazia kama Drani nyuma ya muhogo. Nikawasikia. Fundi baiskeli wa kona, ambaye hajawahi kuniangalia usoni, alisema mimi ndiye niliyemzikia baba yake vizuri. Mwanamke mmoja alikuwa analia kwa sauti kubwa kuliko wote, nikaitambua sauti: muuza unga wa muhogo. "Mama yangu," alikuwa akisema, "mimi nakataza yeye jina yangu. Mimi nakataza." Furaha ikanishika, na aibu juu yake. Sasa najua si vibaya.

Saa kumi ilipokaribia bodaboda ikasimama. Ua ukanyamaza. Nikasikia fimbo ikija polepole, ya mzee sana, ikapita katikati ya watu hadi mlangoni. Hakubisha hodi. Aligonga bati la mlango kwa fimbo, mapigo mawili na moja.

"Zuhura Kiden," Drani akaita, jina langu zima, ambalo hakuna aliyeniita kwa miaka. "Iko?"

Nikafungua mlango. "Iko," nikasema.

Wengine walikimbia, ndiyo, na turubai likaangusha nguzo. Drani alikaa kwenye kiti cha wafiwa akacheka hadi akakohoa. Kisha wakaanza kurudi, wakanizunguka, wakinitazama mikono kama inatupa kivuli. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya nje ya chumba kile. Nikaanza kuwataja, mmoja mmoja, majina kamili, kwa sauti ya saa saba. Fundi baiskeli akarudi hatua moja, halafu akajibu: "Iko!" Jirani yake akajibu. Na yule mwingine. Ua mzima, wazee na watoto, iko, iko, na mimi nikipumua kabla ya kila mmoja.

Nilipofika mwisho nikanyamaza. Muuza unga alikuwa amesimama mbele yangu na mzigo wake wa kuni miguuni, macho mekundu, hajifuniki mdomo.

"Na mimi?" akasema. "Mama, wewe naruka mimi?"